Gasketi Haifi Peke Yake

Leo tuanze na sauti. Asubuhi unawasha gari lako la zamani, injini bado ya baridi, na ubavuni kunasikika tek-tek-tek-tek. Ukikanyaga mafuta, sauti nayo inakimbia. Ukifika barabara kuu joto limeshapanda, sauti imepotea, nawe umesahau. Kesho asubuhi iko palepale. Jirani atakwambia hiyo ni tapeti. Fundi mwenye haraka naye atakwambia ni tapeti, atafungua kava la juu, atarekebisha nafasi, utalipa, na keshokutwa tek-tek-tek ileile itakusalimia.

Mara nyingi hapo tapeti zinasingiziwa. Ni moshi unaopenya kwenye gasketi ya manifoldi, pale chuma cha kukusanya moshi kinapokutana na silinda hedi. Na tusichanganye: siizungumzii gasketi ya hedi, ile ambayo ikiungua maji yanaingia kwenye oili na mwenye gari anaanza kuzunguka kutafuta wa kumkopesha. Hii ni ya bei nafuu, iko nje, inaonekana kwa macho. Labda ndiyo maana inadharauliwa. Inabadilishwa ovyo, inaungua baada ya miezi michache, inabadilishwa tena, na lawama zote inabebeshwa yenyewe: ilikuwa feki, haina kiwango, haikukaa. Mimi nasema gasketi hii haifi peke yake. Kuna kitu kinachoiua, na kisipotafutwa, hata ukiletewa jenuini kwenye pakiti yake utaiunguza vilevile.

Injini ina manifoldi mbili. Moja inapeleka hewa na petroli kwenye silinda, nyingine inatoa moshi. Tuziite ya kuingiza na ya kutoa. Maisha yao hayafanani hata kidogo. Ya kuingiza inaishi kwenye mvuto, ya kutoa inaishi kwenye moto na msukumo, na gasketi zao zinakufa vifo tofauti.

Tuishike kwanza ya kutoa, kwa kuwa ndiyo yenye kelele. Moshi wa injini ya petroli hutoka kwenye vali ukiwa na joto la nyuzi 600 mpaka 900 za Selsiasi, kutegemea injini imebanwa kiasi gani. Gari lililopanda Mlima Kitonga na mzigo, ukifungua boneti usiku pale juu unaweza kuikuta manifoldi imeiva nyekundu. Sasa chukua manifoldi ya chuma cha kusubu yenye urefu wa nusu mita. Ikipanda joto kwa nyuzi 500 inarefuka karibu milimita 3. Silinda hedi iliyofungwa nayo inapozwa na maji, joto lake linacheza kwenye nyuzi 90 hivi, kwa hiyo yenyewe inarefuka chini ya nusu milimita. Vyuma viwili vimefungwa pamoja kwa bolti, kimoja kinataka kutanuka, kingine hakina habari. Kitakachotokea ni kuteleza. Kila unapowasha na kuzima, manifoldi inakwenda na kurudi juu ya gasketi, na ncha zake mbili ndizo zinazosafiri zaidi kuliko katikati.

Kazi ya gasketi hii, basi, ni ngumu kuliko inavyoonekana: izibe moshi, na papo hapo iruhusu chuma kimoja kipite juu ya kingine. Ndiyo sababu kwenye manifoldi nyingi matundu ya bolti za pembeni ni mapana kuliko bolti yenyewe. Fundi asiyejua hili anaona tundu pana, anadhani limelika, anatafuta bolti nene ya kulijaza. Au anaona moshi unavuja pembeni, anaongeza nguvu, kisha anachomeka bomba kwenye mkono wa spana aongeze nguvu zaidi, mpaka chuma hakina tena pa kutelezea. Kikikosa njia, kitakata stadi, zile bolti zisizo na kichwa zilizopandwa kwenye hedi, au kitapasuka chenyewe. Manifoldi nyingi zilizopasuka katikati zilikazwa na mtu mwenye nia njema kabisa.

Kutofautisha uvujaji na tapeti si kazi ngumu kwa gari la zamani lenye distributa. Sauti ya moshi hupungua injini inapopata joto, kwa sababu chuma kimetanuka na kuziba, na huongezeka gari likivuta mlima. Ukitaka uhakika zaidi, chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe polepole kando ya manifoldi, mbali na feni na mkanda. Utasikia mahali penyewe. Mafundi wakongwe huchomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo lenye mpira: ukichomoa wa silinda ya nne na ile tek-tek ikafifia, tundu liko kwa nne, kwani silinda isiyochoma haina moshi wa kusukuma. Usijaribu hilo kwenye gari jipya lenye koili juu ya kila plagi. Utaunguza kitu cha bei mbaya. Na kabla ya yote hayo, tazama tu. Moshi unaovuja huacha masizi meusi kwenye chuma, mkia kabisa unaoonyesha ulikotokea.

Hapa naomba niache ufundi kidogo. Moshi huo una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kwenye magari ya zamani ukuta unaotenganisha injini na abiria una matundu: palipopita nyaya, palipopita kebo, palipoondolewa raba miaka mingi iliyopita na hakuna aliyerudisha. Mtu anasafiri na familia, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi, watoto wanasinzia nyuma, mama analalamika kichwa, na wote wanasema ni uchovu wa njia. Ukiona hivyo kwenye gari lenye hiyo tek-tek, simama, shusheni vioo, tokeni nje mpate hewa. Na asiwepo wa kuwasha gari la namna hiyo ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache za kusikilizia sauti.

Haya, turudi kwenye manifoldi, safari hii ya kuingiza. Hii haipigi kelele nyingi, pengine mluzi mwembamba tu. Injini ikiwa sailensi, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, kile kibati cha kwenye kabureta kimefungwa karibu chote huku pistoni zinaendelea kuvuta. Ndani ya manifoldi kanieneo ya hewa inashuka mpaka karibu theluthi moja ya ile iliyotuzunguka. Hewa ya nje inatafuta pa kuingilia, na gasketi ikiwa na upenyo, itaingia hapo bila kupimwa wala kuchanganywa na petroli. Ni kama kunywa dafu kwa mrija uliotoboka: unavuta, unavuta, unachopata ni hewa.

Matokeo yake mtu wa foleni anayajua. Kimara mpaka Ubungo, kule Dar es Salaam, gari linatetemeka, sailensi inapanda na kushuka, linazima kwenye taa. Ukitoka nje ya mji ukakanyaga vizuri, linakwenda kama halina ugonjwa. Sababu ni kwamba kibati kikifunguka, mvuto ndani ya manifoldi unapungua, na ile hewa ya wizi inakuwa ndogo mbele ya hewa halali inayopita kwenye kabureta. Kwa hiyo gari likimsumbua dereva mjini tu, fundi asikimbilie kufungua kabureta. Nimeona kabureta nzima zikioshwa, zikibadilishwa jeti, zikitupwa, na kosa liko sentimita chache tu chini yake. Magari mengi pia huchota mvuto wa kusaidia breki kutoka manifoldi hiyohiyo. Ukiona pedali ya breki imekuwa ngumu pamoja na sailensi mbovu, usiendelee na safari kwanza.

Kipimo kizuri hapa ni geji ya vakyumu, kifaa cha zamani ambacho vijana wengi wa gereji hawakigusi tena. Unaiunganisha kwenye manifoldi, injini ikiwa na joto, sailensi. Kwa Dar es Salaam, injini nzima itasoma kati ya inchi 18 na 21 za zebaki, mshale umetulia. Ukisoma 12 na mshale umetulia vilevile, hewa inaingia mahali, au taimingi imechelewa. Lakini tahadhari: kila unapopanda mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, toa inchi moja. Mbeya iko mita 1,700 na zaidi kidogo. Injini nzima pale itasoma 12 mpaka 15. Vitabu vingi vya magari vimeandikwa kwa vipimo vya usawa wa bahari, na fundi akivifuata kule bila kutoa hesabu hiyo atafungua injini ambayo haina kosa. Nairobi nayo ni hivyohivyo.

Kama huna geji, chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni. Injini ikiwa sailensi, nyunyiza kidogo kidogo kando ya gasketi, ukiepuka distributa na nyaya. Sehemu ambayo mlio wa injini utabadilika ghafla, ndipo maji yameziba tundu kwa sekunde moja. Kuna wanaonyunyizia petroli. Ndiyo, inafanya kazi. Inafanya kazi pia ya kuchoma magari, kwa sababu chini tu ya hapo kuna chuma cha moto na waya wa zamani unaorusha cheche.

Nimesema manifoldi zina maisha tofauti, lakini kuna magari ambayo zimelazimishwa kuishi pamoja, na hayo ndiyo yanayonivutia zaidi. Mfano ni Land Rover Series III, iliyotengenezwa Solihull, Uingereza, toka 1971 hadi 1985, ambayo bado ipo kwenye mashamba na misheni zetu. Injini yake ya petroli ya lita 2.25 ni ya zamani zaidi ya gari lenyewe, ilianza 1958. Manifoldi zake zote mbili ziko upande mmoja wa hedi, ya kuingiza imekaa juu ya ya kutoa, zimeshikana kwa bolti katikati, na gasketi ni moja kwa zote. Wabunifu walitaka joto la moshi lipashe chini ya kabureta ili petroli isigeuke kuwa matone asubuhi za baridi. Kwa Solihull ni akili. Kwa Chalinze saa nane mchana, joto hilohilo linachemsha petroli na gari linakataa kuwaka baada ya chai. Toyota Land Cruiser za injini ya F na 2F, zile FJ40 zetu, nazo zina mpangilio wa upande mmoja.

Kwenye injini hizi gasketi ikiungua, karibu kila mara tatizo ni kwamba nyuso za manifoldi mbili hazilingani tena. Miaka ya joto imeipinda ya kutoa, ya kuingiza imebaki ilivyo, na gasketi moja inatakiwa ikae juu ya ngazi mbili. Fundi anafunga, upande mmoja unabanwa, mwingine unapumua. Utaratibu wake ni huu: unapofunga, bolti zinazounganisha manifoldi mbili zilegezwe kwanza. Zipandishe zote kwenye hedi, kaza nati za hedi mpaka kila uso umekaa, ndipo urudi kukaza zile za kuunganisha. Watu wengi huzikaza kwanza mezani, kwa kuwa ni rahisi, halafu wanashangaa. Na kama nyuso zimepinda kiasi cha kuhitaji kuskimu, yaani kuchongwa ziwe bapa tena, zipelekwe kwa tana zikiwa zimefungwa pamoja zipitiwe kama uso mmoja. Ukiskimu moja peke yake umeongeza tofauti uliyokuwa unaikimbia. Kwenye 2F kuna jambo jingine: washa moja nene inakanyaga miguu ya manifoldi zote mbili, hivyo ukiskimu, hakikisha unene wa miguu umebaki sawa, la sivyo moja itashikwa na nyingine italegea.

Gasketi ya zamani usiitupe. Iweke juu ya gazeti uisome. Ikiwa imeungua kwenye ncha tu, manifoldi imepinda, au stadi za mwisho zimelegea au kukatika. Ikiwa kuna weusi kati ya tundu na tundu katikati, hapo hapakuwahi kubanwa sawasawa. Ikiwa imebonyea vizuri kote na imeraruka upande mmoja kuelekea chini, acha gasketi, lala chini ya gari utazame bomba la ekzosi. Raba au hanga ikikatika, uzito wote wa bomba unaning'inia kwenye manifoldi, na kila shimo la barabarani ni nyundo. Raba za injini nazo zikiisha, injini inaruka kila unapokanyaga mafuta na kuvuta ekzosi nayo. Kwa barabara zetu, mimi hutafuta huko chini kabla ya kutafuta kwingine.

Tahadhari ya gari ambalo halijawahi kufunguliwa toka zamani: gasketi nyingi za enzi hizo zilikuwa na asbestosi, madini ambayo vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Uingereza ilipiga marufuku matumizi yake yote mapya mwaka 1999, lakini gasketi iliyofungwa kabla ya hapo haikusoma tangazo. Usiikwangue kikavu, usiipige brashi ya waya wala kuipuliza kwa kompresa. Ilowanishe maji, ibandue taratibu, ifunge kwenye mfuko.

Kufungua kwenyewe kunahitaji uvumilivu kuliko nguvu. Stadi zimekaa kwenye moto na kutu miaka 30 au 40. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu jioni ya siku iliyotangulia, rudia asubuhi. Nati ikigoma, ikaze kidogo kwanza, kisha ilegeze, nenda na kurudi. Ukilazimisha upande mmoja stadi itakatika, na kutoboa stadi iliyokatikia ndani ya hedi ni kazi ya siku nzima kwa mtu mwenye mkono mtulivu. Ukirudisha, weka stadi mpya zilizo na meno mazima na nati za shaba au zilizopakwa shaba, ambazo haziungani na chuma kwa kutu. Usiweke bolti yoyote iliyookotwa kwenye kopo kwa sababu imeingia.

Kabla ya kufunga, safisha nyuso mpaka chuma kionekane, weka rula ya chuma iliyonyooka, jaribu kupitisha fila geji chini yake. Magari mengi huruhusu kati ya milimita 0.1 na 0.3; kitabu cha gari lenyewe ndicho kinachoamua. Ipandishe gasketi mpya kwenye hedi uone matundu yanalingana. Zinazouzwa huko Gerezani, Dar es Salaam, nyingine zimekatwa kwa kukadiria, tundu linafunikwa robo, na ukingo huo utakaa kwenye njia ya moto mpaka uanguke. Ukienda kununua, chukua ya zamani mkononi.

Na sasa silikoni. Najua nitawaudhi baadhi ya mafundi. Gundi hiyo ya kwenye tyubu, hata ile nyekundu ya joto kali, inavumilia nyuzi 300 na kidogo. Nimetaja joto la moshi huko mwanzo, hesabu fanyeni wenyewe. Kwenye manifoldi ya kuingiza, petroli inailainisha, na vipande vyake vinavutwa ndani kuelekea vali. Ile kazi ya kukata gasketi kwa kulaza karatasi juu ya chuma na kuigonga kwa nyundo ya kichwa cha duara naiheshimu, imeokoa pampu nyingi za maji porini. Kwenye moshi karatasi haifiki jioni.

Ukazaji uanze katikati ukielekea nje, kwa awamu mbili au tatu, injini ikiwa baridi, kwa spana ya torki na kipimo cha kitabu. Kisha washa, acha ipate joto kamili, zima, ngoja ipoe kabisa, kaza tena kwa kipimo kilekile. Baada ya wiki moja ya kazi rudi ukague. Safari hiyo ya pili ndiyo isiyolipiwa, na ndiyo isiyofanyika. Mkubaliane na fundi kabla hajashika spana kwamba imo kwenye bei.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni kama mtu anaweza kusubiri mpaka mshahara utoke. Ya kutoa ikivuja kidogo, na waya wa plagi au mpira wa petroli haupo karibu na tundu, siku chache za mjini vioo vikiwa chini zinavumilika. Safari ndefu na watoto nyuma, hapana. Kama gari lako lina kihisi cha oksijeni kwenye ekzosi, jua kwamba tundu lililo kabla yake linaingiza hewa, kompyuta inadhani petroli ni haba na inaongeza, kwa hiyo unalipia kusubiri kwako kituo cha mafuta. Ya kuingiza ndiyo nisiyopenda kuisubiri. Silinda inayopata petroli haba inachoma kwa joto la kupita kiasi, na vali ya kutoa ndiyo inayoungua. Hapo utakuwa umeifuata hedi yenyewe, na mshahara uliokuwa unausubiri hautatosha.